MSUMENO HUKATA MBELE NA NYUMA: HISTORIA FUPI YA MNYORORO WENYE MENO

Wahenga walinena kwamba msumeno hukata mbele na nyuma. Msemo huu tumezoea kuusikia kwenye mikutano ya hadhara na vijiweni, pale mkubwa anaponaswa na sheria aliyoitunga mwenyewe. "Sheria ni msumeno, bwana!" watu hushangilia. Lakini ni mara ngapi tumekaa chini tukajiuliza habari za msumeno wenyewe? Nani aliuanzisha, nani aliuboresha, na nani aliumia?

Katika makala hii nataka kusimulia historia ya msumeno wa mnyororo, ule ambao Tanzania wengi tunauita chensoo na ndugu zetu wa Kenya wanauita pawa soo. Hoja yangu ni moja tu. Karibu kila kifaa cha usalama kilichopo kwenye mashine hii leo kimelipiwa kwa mwili wa mtu. Na pale kifaa hicho kinapong'olewa na kutupwa, yupo mtu mwingine anayeanza kulipa upya.

Mashine iliyozaliwa hospitali

Ndugu msomaji, usishtuke. Msumeno wa mnyororo haukuzaliwa msituni, ulizaliwa mikononi mwa madaktari. Mwishoni mwa karne ya 18 huko Scotland, madaktari wawili, John Aitken na James Jeffray, walikuwa na mnyororo mwembamba wenye meno na vishikio viwili, mmoja kila upande. Jeffray aliutaka kwa kukata mifupa iliyooza. Aitken yeye alikuwa mtu wa ukunga. Mama alipokwama katika kujifungua, daktari aliweza kukata kiungo cha mbele cha nyonga ili mtoto apate njia. Tukumbuke kwamba zama hizo dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaanza kutumika katika upasuaji. Mama yule alisikia kila jino.

Mnamo mwaka 1830 Mjerumani mmoja, Bernhard Heine, akaenda mbali zaidi. Aliunda kifaa kilichoitwa osteotomu: mnyororo wenye meno unaozunguka kwenye ulimi wa chuma, ukiendeshwa kwa kuzungusha mpini kwa mkono. Ukiitazama picha yake leo utasema ni mtoto wa chensoo. Kumbe basi, kabla mnyororo huu haujagusa mti, ulikuwa umekwisha kumjua binadamu.

Mtu wa juu na mtu wa chini

Misituni, wakati huo na kwa miaka mingi iliyofuata, kazi ilikuwa ya shoka na msumeno wa mkono. Kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo haijaisha hata leo. Wapasua mbao huliviringisha gogo juu ya jukwaa au juu ya shimo. Mmoja husimama juu, mwenzake chini. Uzi uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu huvutwa kama upinde na kuachiwa, tap! Mstari umejichora. Wa juu anaulinda mstari, wa chini anavuta, na unga wote wa mbao unamshukia yeye machoni na puani. Watu hawa wanazoeana kama ndugu. Mmoja akikohoa, mwenzake anajua kama ni vumbi au ni homa.

Ule wa kukatia magogo, wenye mpini kila upande, ndio hasa wa wahenga. Ukiuvuta wewe unakata, akiuvuta mwenzako unakata. Mbele na nyuma. Ni kazi ngumu, si mchezo, lakini ina mambo mawili ambayo baadaye yalikuja kupotea. Kwanza, haina kelele, kwa hiyo mti ukianza kulia unausikia. Pili, haifanywi na mtu mmoja. Yupo mwenzako wa kupiga kelele: "Toka!"

Mfuko wa saruji unaonguruma

Watu wa viwanda hawakupenda polepole hiyo. Mwaka 1905 Samuel J. Bens wa San Francisco, Marekani, alipata hataza ya msumeno wa mnyororo usio na mwisho, akiwa na nia ya kuiangusha ile mijitu ya California, miti ya redwood. Lakini mashine zilizoingia kazini kwa kishindo zilitoka Ujerumani. Mwaka 1926 Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme. Mwaka 1927 mwenzake, Emil Lerp, aliijaribu mashine yake ya petroli kwenye mlima wa Dolmar huko Thuringia. Ilikuwa na uzito wa kilo 58. Mwaka 1929 Stihl naye akatoa ya petroli, yenye kilo 46.

Hebu tulinganishe. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Sasa chukua mfuko wa saruji, uutie moto tumboni, uupe meno, kisha uubebe mkipanda mlima. Ndiyo maana mashine hizo zilihitaji watu wawili, mmoja kwenye injini na mwingine kwenye ncha ya ulimi.

Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, vilikata biashara kati ya Ujerumani na Amerika ya Kaskazini, na viwanda vya huko vikalazimika kutengeneza vyao. Baada ya vita mashine zilianza kupungua uzito mwaka hadi mwaka. Kulikuwa na tatizo la kabureta. Ile ya zamani ilitaka ikae wima, ukiilaza injini inazima. Ilipokuja kabureta yenye utando laini ndani yake, mashine ikaweza kukata ikiwa wima, imelala au imepinduliwa. Mwaka 1950 Stihl akauza msumeno wa petroli wa mtu mmoja. Mwaka 1959 ukaja ule ulioitwa Contra, kilo 12 tu.

Dunia ilishangilia, na mimi siwalaumu. Lakini mwanahistoria lazima aulize: yule mtu wa pili alikwenda wapi? Aliachishwa kazi na kipande cha utando ndani ya kabureta. Pamoja naye yaliondoka macho mawili yaliyokuwa yakitazama juu mtini, na mdomo uliokuwa ukisema toka. Aliyebaki alibaki peke yake ndani ya kelele, haoni anachokiacha mgongoni.

Buu aliyemfundisha mkata miti

Sasa tuje kwenye meno, maana bila meno hakuna msumeno. Minyororo ya kwanza ilikuwa na meno yaliyoiga ya msumeno wa mkono, yakikwaruza mti kama kucha. Yalichukua muda mrefu kunoa, na yaliwahi kuwa butu.

Mwaka 1946, katika jimbo la Oregon, Marekani, mkata miti aitwaye Joseph Buford Cox alikuwa akipasua kuni. Akamwona buu, yaani mtoto wa mende wa mbao, akitafuna kisiki. Wengine tungemponda buu yule tukaendelea na kazi. Cox aliinama akamtazama. Akagundua kwamba buu hakwaruzi. Ana taya mbili, anakata kushoto, anakata kulia, naye anapita kwenye mti mgumu kana kwamba ni muhogo wa kuchemsha. Cox akarudi nyumbani akatengeneza jino lililopinda, la kushoto na la kulia kwa zamu, lenye kutoa vipande badala ya unga. Mwaka 1947 alianza kuuza minyororo hiyo mjini Portland. Minyororo mingi inayotumika duniani leo ni wajukuu wa yule buu.

Jambo hili linanigusa sana. Maprofesa wapo, viwanda vipo, lakini aliyeona ni mtu wa kazi, aliyejua uchungu wa kunoa. Historia yetu tunayosomeshwa shuleni imejaa magavana na mikataba. Watu wa tupa na shoka hawamo.

Vidole vyeupe

Miaka ya 1950 na 1960 chensoo ilienea duniani, na hapo mbele na nyuma ya wahenga ikaanza kuonekana. Wakata miti wa nchi za baridi waliamka asubuhi wakakuta vidole vimekuwa vyeupe kama chokaa, havina hisia. Kufunga kifungo cha shati ikawa taabu. Mtetemo wa mashine ulikuwa umeharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu.

Eti halikuwa jambo jipya! Daktari Alice Hamilton wa Marekani alikwisha kuueleza ugonjwa kama huo mwaka 1918, kwa wachonga mawe wa Indiana waliotumia nyundo za upepo. Lakini habari za mchonga mawe hazikumfikia mtengeneza misumeno, au zilimfikia akazipuuza. Japani, ambako chensoo zilienea baada ya kimbunga cha mwaka 1954 kuangusha misitu mikubwa ya Hokkaido, wafanyakazi wa misitu ya taifa waliugua kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikakubaliwa kwamba mtu asishike mashine hiyo zaidi ya saa 2 kwa siku. Uingereza ilichelewa. Ilikuwa mwaka 1985 ndipo ugonjwa huo ulipoingizwa katika orodha ya magonjwa ya kazini yanayolipiwa fidia.

Ni kelele za watu hao zilizoleta vile vipande vya mpira na springi kati ya injini na vishikio, kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Ukivishika leo, unashika vidole vya watu wa Hokkaido.

Halafu kuna kurushwa. Ncha ya juu ya ulimi ikigusa kitu ghafla, mnyororo unakwama pale huku injini bado inasukuma, na mashine yote inaruka juu kumrudia mwenyewe usoni au shingoni. Kufumba na kufumbua. Kwa ajili hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaletwa breki ya mnyororo: ile ngao ya mbele ya mkono, ikisukumwa, mnyororo unasimama mara moja. Zikaja na suruali zenye nyuzi ndefu ndani yake. Meno yakizigusa, nyuzi zinachomoka na kujaza gia, na mnyororo unasimama kabla haujafika kwenye paja. Kwa sentensi chache nimeyapita maelfu ya majeraha.

Daktari wa miti naye alikosea

Wapo wakataji wasioangusha mti bali wanautibu. Mwingereza John Davey, aliyehamia Ohio huko Marekani, alitoa kitabu mwaka 1901 alichokiita "The Tree Doctor", na kazi hiyo ikapata jina la udaktari au upasuaji wa miti. Walikata matawi mabovu karibu kabisa na shina, wakapaka rangi kidonda, wakachimba uozo na kujaza saruji kwenye mashimo, kama daktari wa meno.

Kuanzia mwaka 1959 mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, aliichukua chensoo akafanya kitu rahisi. Badala ya kuukata mti kwa kuvuka, aliupasua kwa urefu, toka juu hadi chini, maelfu ya miti, akasoma ndani kama mtu anayefungua kitabu. Akakuta kwamba mti hauponi kama sisi tunavyopona. Mti hauwezi kuuondoa uozo, unaujengea ukuta ukaufungia humo, kisha unaota mti mpya kwa nje. Na ukuta ulio imara unajengwa pale kwenye shingo ya tawi, ile nundu ndogo tawi linapoungana na shina. Daktari aliyekata sawasawa na shina alikuwa anaikata shingo, anauvunja ukuta wenyewe. Aliyechimba uozo alikuwa anautoboa.

Miaka mingi ya matibabu, kumbe ilikuwa inaua wagonjwa! Na aliyefichua ni mashine ile ile ya kuangushia. Hapa nako msumeno ulikata mbele na nyuma.

Tupa mfukoni

Sasa turudi nyumbani. Kwetu, ukisikia habari za chensoo kwenye redio, utasikia habari za misitu. Ni sawa. Usambara ya Mashariki, uvunaji wa mashine uliosaidiwa na Finland ulizua ubishi mkubwa miaka ya 1980 mpaka ukasimamishwa, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuondoa zuio hilo. Miti imehesabiwa, na iendelee kuhesabiwa. Mimi nauliza habari za mkono ulioishika mashine. Nani anahesabu vidole?

Tazama kazi yenyewe ilivyo mitaani. Kuna mwembe umeinamia bati la jirani, au mwarobaini umeingia kwenye nyaya za umeme. Anaitwa fundi. Anakuja na chensoo ya mtumba, kamba ya katani, na kijana mmoja wa kushika kamba, deiwaka. Malipo ni ya mti, si ya saa, na mara nyingine nusu ya malipo ni kuni. Hana kofia ngumu, miguuni ana kandambili au viatu vya mpira. Ile ngao ya breki ilivunjika zamani, au mwenye mashine aliing'oa kwa sababu inasumbua. Mipira ya kupunguza mtetemo imelika, na mahali pake pamefungwa waya. Yaani historia yote niliyoisimulia hapo juu, toka Hokkaido mpaka Uingereza, imefunguliwa kwa bisibisi na kuachwa kwenye benchi la gereji.

Kilichobaki kumlinda fundi huyu ni matunzo. Na hapa nataka tuwape mafundi wazuri heshima yao, maana wapo wengi, nao wanayajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha Kiswahili nilichowahi kukishika.

Fundi mzuri utamjua kwa tupa ya duara iliyo mfukoni. Haanzi kazi kabla hajanoa, na haendelei na mnyororo uliogusa mchanga au msumari. Ananoa kwa kusukuma tu, harudishi nyuma, jino kwa jino, idadi ile ile kushoto na kulia, kwa sababu upande mmoja ukizidi makali msumeno unakata upinde. Kuna kile kibonge kidogo mbele ya kila jino, kinachopima jino liingie kiasi gani. Anakishusha kwa uangalifu, maana kikishuka mno, mnyororo unang'ata kupita kiasi na mashine inarusha. Kisha anatazama kinachotoka. Vipande vya mbao, mambo mazuri. Unga kama wa sembe, mnyororo ni butu.

Na mnyororo butu ndio adui. Watu hudhani chenye makali ndicho cha hatari. La hasha! Mashine yenye makali inajivuta yenyewe ndani ya mti. Mashine butu inamlazimisha mtu kuilalia kwa uzito wake, mikono inachoka, mtetemo unaongezeka, na mti unapoachia ghafla mtu anaanguka nayo.

Anaangalia pia mkazo. Mnyororo ukilegea unachomoka, ukikaza sana unachoma ulimi, kwa hiyo uvutike kwa mkono bila kuning'inia. Kila siku anaugeuza ulimi juu chini ili usilike upande mmoja, anasafisha mfereji wake na chujio la hewa. Petroli anaichanganya na oili kwa kipimo cha mashine yake. Zile nyingi za siku hizi hutaka lita 5 kwa mililita 100 za oili, na akipunja oili pistoni inakwaruzika. Kwenye tangi la kulainisha mnyororo wengi hutia oili chafu ya magari kwa sababu ni ya bure. Fundi mzuri anajua kwamba ile ina chembe za chuma, na bure hiyo itamgharimu pampu.

Mtini nako kuna elimu. Mti wa kuangushwa unakatwa mdomo upande unakotakiwa kulala, halafu unakatwa kwa nyuma, na katikati inaachwa bawaba isiyokatwa. Bawaba ndiyo usukani. Ukiikata yote, mti unachagua mwenyewe pa kwenda. Kabla ya hayo fundi amekwisha kusafisha njia yake ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari. Tawi la kupunguzwa linakatwa kwanza kwa chini, kisha kwa juu, ili lisichane ganda la shina, na mwisho linasawazishwa nje kidogo ya shingo, pale pale aliposema Shigo. Kuukata mti kichwa chote, kama wengi tunavyoagiza, ni kuukaribisha uozo na kuotesha matawi dhaifu yatakayoangukia bati lile lile.

Tunachodaiwa

Historia ya mashine hii inatufundisha kwamba usalama haukuletwa na huruma ya wenye viwanda peke yake. Ulikuja pale majeraha yalipoandikwa. Hamilton aliandika, wafanyakazi wa misitu wa Japani walidai, na mwisho kiwanda kikabadilisha mashine. Kwetu sisi mtu akikatwa mguu juu ya mwembe, anapelekwa hospitali kwa bajaji, ndugu wanachanga, na mwezi ujao mashine ile ile inakodishwa kwa kijana mwingine. Hakuna aliyeandika, kwa hiyo ni kama halikutokea.

Kwa hiyo vijana wenzangu tunaojifunza kushika kalamu, tuwe tunauliza. Unapomwita fundi kukata mti nyumbani, mwulize: breki ipo? Umeugeuza ulimi? Kijana wako ana kofia? Ikibidi mwongezee pesa ya tupa mpya, ni nafuu kuliko mguu. Na ukirudi kwenye daftari lako, andika ulichokiona na mwaka uliokiona. Tukinyamaza, msumeno utaendelea kukata mbele na nyuma, na nyuma yenyewe ndiko alikosimama yule kijana aliyeshika kamba.